Kichwa Changu, Kidole Chake

Kichwani mwangu mna nyuzi za platinamu. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Mimi ni fundi wa kuchomelea pale Mkolani, chuma nimekishika tangu nina miaka kumi na saba, lakini platinamu sikuwahi kuigusa mpaka ilipoingizwa ndani yangu nikiwa sina habari. Ipo, imeziba mshipa uliotuna nyuma ya jicho langu la kushoto. Na kwa miaka miwili na ushee, kwa mujibu wa makaratasi, platinamu hiyo ilikuwa kichwani mwa kaka yangu Elias.

Ilikuwa Machi 2022, asubuhi, nachomelea geti la mchungaji mmoja. Kichwa kiliuma ghafla kama nimepigwa nyundo kisogoni, na kilichofuata nimesimuliwa. Niliokotwa chini, nikapelekwa hospitali, kipimo kikaonyesha damu imemwagika kwenye ubongo. Mshipa ulikuwa umetuna kama puto, ukapasuka. Daktari akasema tiba iko Dar es Salaam, na kama si sasa basi haina maana tena. Bima sikuwa nayo. Mke alishaondoka mwaka mmoja kabla, kwa sababu zake nzuri tu, na watoto hatukujaliwa. Kwa hiyo kikao cha kuniokoa kilikuwa cha watu wawili: mama yetu Kija, aliyekuja kutoka Bujora na kitenge cha shambani, na Elias.

Elias ananizidi miaka miwili. Ni nahodha wa meli ya mizigo iendayo Ukerewe, na kampuni yake ilimkatia bima nzuri. Sura zetu ni moja. Shuleni walimu walikuwa wakimchapa yeye kwa makosa yangu, na nadhani hakuwahi kusahau.

Mama alinyoosha mkono. "Elias, toa kadi."

"Mayu, kadi hii ina jina langu na picha yangu."

"Picha yako na yake zina tofauti gani? Mmetoka tumbo moja. Mwazime jina apone. Akipona atakurudishia."

Maneno hayo nimeyasikia kwa mama mwenyewe, zaidi ya mara moja, akiyasimulia kwa fahari. Ndivyo nilivyopandishwa ndege nikiwa Elias Chenge, nahodha, miaka arobaini na moja. Kule wakapitisha mrija kwenye paja, ukapanda na mshipa mpaka kichwani, wakajaza kile kiputo nyuzi mpaka damu ikakosa pa kuingilia.

Nilipozinduka, daktari alikuja na swali lake la kila asubuhi. Wagonjwa wa kichwa wote huulizwa.

"Unaitwa nani?"

"Masele."

Akaandika. "Unafanya kazi gani?"

"Fundi wa kuchomelea."

Akatikisa kichwa, akaandika tena. Siku mbili nzima nilihesabiwa kuwa nimechanganyikiwa. Wakanirudisha kwenye kipimo kuangalia kama damu imevuja upya, na muuguzi akawa ananisemesha polepole kama mtoto. Siku ya tatu Elias akafika kutoka Mwanza, akainama sikioni kwangu.

"Sikiliza. Wewe ni Elias. Nahodha."

"Na wewe?"

"Mimi ni Masele, mdogo wako. Nimekuja kukuuguza."

Kesho yake nilijibu vizuri, na daktari akafurahi kweli, akawaita na wanafunzi wake waone fahamu zilivyorudi. Niliposema kweli niliandikwa nimechanganyikiwa, nilipodanganya nikaandikwa mzima. Nilicheka mpaka kidonda cha pajani kikauma, na hiyo nayo ikaandikwa.

Kabla ya kuniruhusu, daktari alikaa kitandani akanieleza jambo ambalo wagonjwa wengi hulipuuza. Nyuzi zile zinaweza kusinyaa na kujibana, akasema, damu ikapata upenyo mpya pale shingoni mwa uvimbe, na mwenye kichwa asihisi chochote mpaka siku unapopasuka tena. Ndiyo maana lazima picha: baada ya miezi sita, halafu baada ya mwaka, halafu kadiri itakavyoonekana. Na kila picha hulinganishwa na iliyotangulia, kwa sababu picha moja peke yake haisemi kitu. Nilimwelewa vizuri. Ufa kwenye chuma huujui kama unakua mpaka uwe uliupima jana.

Miezi sita ilipofika nikapanda basi kwenda Dar, bado nikiwa Elias. Mlangoni mwa mashine ya MRI alikaa binti mmoja na fomu ya maswali.

"Una chuma chochote mwilini zaidi ya hizo nyuzi?"

"Hapana."

"Umewahi kufanya kazi ya kukata au kuchomelea vyuma? Hii ni sumaku kubwa, kaka. Kipande kidogo kikiwa kimebaki jichoni kinaweza kutembea."

Nahodha hachomelei. "Hapana," nikasema.

Jicho langu la kulia nimetolewa vipande vya chuma mara tatu, kwa ncha ya leso, na mara moja kati ya hizo sikuwa na hakika kama kilitoka chote. Niliingia ndani ya lile bomba nimefumba macho kwa nguvu zangu zote, utadhani kope zingeweza kuzuia chuma kisiende kinakovutwa. Mashine ikagonga na kunguruma nusu saa. Niliogopa kuliko siku niliyopasuka, maana siku ile sikuwa na nafasi ya kuogopa. Nilipotoka nilimwomba yule binti anionyeshe vidole vyake nivihesabu, akadhani namtania.

Jicho lilibaki mahali pake. Daktari akasema kuna upenyo mdogo uliobaki shingoni mwa uvimbe, kama milimita mbili. "Si vibaya. Baada ya mwaka tunapiga tena, tunalinganisha. Ukikua, tunarudi ndani."

Kabla mwaka haujaisha yakatokea mawili. La kwanza, watu wa bima wakaleta mashine za kidole: huandikishwi bila kidole chako kusomwa. La pili lilimpata Elias. Kila mwaka mabaharia hupimwa afya ili wapewe cheti, na safari hii zahanati ilifungua namba yake ya bima, ikakuta nahodha huyu alimwagika damu kwenye ubongo. Walimshusha usukanini siku hiyo hiyo, wakamweka ghalani kuhesabu magunia. Wakamwambia alete picha mpya ya kichwa na maelezo ya bingwa kwamba mshipa uliotibiwa uko salama, ndipo watafikiria.

Hapo ndipo tulipokwama. Picha ya kichwa cha Elias ingeonyesha ubongo safi usio na uzi hata mmoja, na udanganyifu wetu ungekuwa wazi. Picha ya kichwa changu ilihitaji kidole chake. Hakuna mashine iliyokuwa tayari kupokea kichwa changu na kidole chake kwa pamoja.

Nikakaa bila picha. Mwaka ukapita, na miezi minane juu yake. Kichwa kikiuma kwa ajili ya jua, nakaa chini nangoja kufa. Niliacha kupanda ngazi. Niliacha kufanya kazi peke yangu, nisije nikaanguka juu ya moto. Elias hakunipigia simu hata mara moja kuuliza, na sikumlaumu; kila gunia alilohesabu lilikuwa na jina langu.

Juni 2024 mama alituita Bujora, siku ya Jumapili. Nilifika nikamkuta amepika wali na sato, chakula cha wageni. Elias alikuwa ameshakaa, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, baba." Akaniwekea mkono kichwani upande wa kushoto, kama afanyavyo tangu nipone. Kidole gumba cha mama kina kovu la mundu, alijikata akivuna mpunga nikiwa darasa la pili. Kovu limekatiza kidole mshazari na limetuna kidogo, ukiwa umefumba macho unaweza kulijua. Siku hiyo kidole hicho kilikuwa na wino wa zambarau. Nikadhani ametoka kupokea mgao wa kaya maskini, ambako husaini kwa kidole, nisiulize.

Nilianza mimi. "Kaka, nataka kupiga picha hapa hapa Mwanza. Kwa jina langu, kwa hela yangu. Nimeuza jenereta."

"Watakuuliza ulitibiwa wapi."

"Nitasema sijui, nilikuwa sijitambui."

"Wakitaka picha za zamani?"

"Zimepotea."

"Apa," alisema Elias, na hakuniangalia.

Nikaapa. Mama akashusha pumzi. "Masele, wewe ulishakufa ukarudi. Mwenzako ana watoto wanne shuleni. Usije ukamzamisha."

"Sitamzamisha, mayu."

Elias akawa anachambua miiba ya samaki mmoja yule yule, hamli. Nilimwonea huruma. Nasema ukweli, siku hiyo nilimpenda kaka yangu kuliko siku zote, kwa vile alivyokonda na kwa vile alivyokosa la kusema. Niliondoka Bujora nikijiona mtu mwema.

Daktari wa picha niliyempata Mwanza anaitwa Kokulinda, Mhaya wa Bukoba. Sisi Wasukuma tuna maneno yetu kuhusu Wahaya na shule zao, lakini huyu mama shule yake ilikuwa na faida. Fomu ilikuja na swali lile lile.

"Umewahi kuchomelea vyuma?"

"Ndiyo. Miaka ishirini na minne."

Wakanipeleka kwanza kupigwa eksirei ya macho. Ilichukua dakika mbili. Macho safi, ingia. Dakika mbili tu, na mimi kule Dar nililala nusu saa nikiagana na jicho langu. Niliona uchungu, nikaenda kulala pale nilipoonyeshwa.

Baada ya picha, Daktari Kokulinda aliniita mbele ya kioo chake.

"Waliokutibu wameifanya kazi vizuri. Ni akina nani?"

"Sijui, daktari. Nilikuwa sijitambui."

"Ulirudi nyumbani hujitambui pia?"

Nikajifanya natazama picha. Akagusa kioo kwa kalamu. "Ona hapa, shingoni. Pana upenyo, milimita mbili na kitu. Kama tangu mwanzo ulikuwa hivi, nenda kachomelee mageti yako. Kama haukuwepo, wiki ijayo uwe kwenye ndege. Nipe picha ya zamani nikuambie."

"Nadhani walisema mbili."

"Nadhani haina rula, Masele. Na wakati mwingine kinachobadilika ni umbo, siyo kipimo. Picha ziko wapi?"

"Zimepotea."

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Unaficha nini?"

"Sifichi kitu, daktari."

Nilitoka pale nimemlinda kaka yangu, na sijui kama nitaishi mpaka Krismasi. Wiki tatu nililala nikiwa nimeegemea ukuta, sijui kwa nini. Niliona kama mtu aliyekaa hufa kwa shida zaidi.

Halafu daktari akapiga simu. "Njoo. Picha zako zimepatikana."

Nilikuwa sijamwambia jina nililotibiwa nalo wala hospitali. Nikajua ameuliza Dar kwa njia zake, wamelinganisha nyuzi kwa nyuzi, na sasa Elias amekwisha. Njia nzima kutoka Mkolani nilikuwa napanga utetezi. Nitasema kosa ni langu peke yangu. Nitasema kadi niliichukua mimi, kaka hakujua lolote. Yeye ana familia, mimi nina mashine ya kuchomelea isiyo na jenereta. Niliyarudia maneno hayo mpaka yakakaa mdomoni.

Ofisini nilimkuta daktari na bwana mmoja mwenye faili, akajitambulisha kuwa ni Josephat, afisa wa bima; daktari alikuwa ameulizia picha zangu Dar, na bima nao wakajua nilipo. Daktari alianza na lake, kama daktari. Aliweka picha mbili kioo kimoja, ya Dar na ya Mwanza.

"Ni hivyo hivyo. Umbo lile lile. Halijakua hata unywele, Masele. Hongera."

Kwa muda mfupi nilifurahi. Kisha nikaona pembeni mwa picha ya Dar, pale palipokuwa pameandikwa Elias Chenge, pameandikwa Masele Chenge.

"Jina limebadilishwaje?"

"Kwa barua hii," alisema Josephat, akanisogezea.

Ilikuwa mwandiko wa Elias, ule wa herufi kubwa kubwa tangu shule. Alieleza kwamba Machi 2022 mdogo wake Masele alichukua kadi yake ya bima kutoka kwenye droo bila yeye kujua, akatibiwa kwa jina lake. Kwamba aligundua baada ya kushushwa kazini. Kwamba amepimwa kichwa kwa hiari yake na ubongo wake hauna tatizo, na anaomba rekodi zake zisafishwe. Josephat akasema zimeshasafishwa, nahodha amerudi usukanini. Tarehe ya barua ilikuwa ya Jumamosi. Siku moja tu kabla ya ile Jumapili ya wali na sato. Niliapa mbele ya watu ambao barua yao ilikuwa imeshakwenda. Na kosa nililokuja kumbebea kwa hiari yangu, alikuwa ameshanitwisha.

Chini yake palikuwa na shahidi. Shahidi hakuandika, alibandika kidole gumba, kwa wino wa zambarau. Duara za kidole zilikatwa katikati na mstari mweupe, mshazari. Miaka miwili nilikuwa naonyeshwa picha za ndani ya kichwa changu, naitikia kwa kichwa bila kuelewa. Kwa picha hii sikuhitaji bingwa.

"Ni kweli uliichukua kadi bila ridhaa ya kaka yako?" aliuliza Josephat, kalamu mkononi.

Kabla sijafungua mdomo, Daktari Kokulinda aliingilia. "Bwana Josephat, subiri. Ripoti ya Dar ninayo hapa. Mgonjwa huyu alipokelewa hajitambui, na alianguka kazini ghafla. Mtu asiyejitambua anafunguaje droo ya mwenzake?"

Josephat akaweka kalamu chini. Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Eleza, ndugu. Kadi uliipata kwa nani?"

Mlango wa kujinasua ulikuwa wazi, na aliyeufungua ni mtu baki kabisa. Ningesema ukweli, barua ingekuwa takataka. Elias angetoka usukanini na kupandishwa kizimbani, na pembeni yake angesimamishwa bibi wa miaka sitini na minane, aulizwe kwa nini alibandika kidole. Angeapishwa. Angenitafuta kwa macho mule ndani. Nilimchukia mama kwa jambo lile, bado namchukia ninapoandika haya, na sikuweza kumwona amesimama pale.

"Niliichukua kabla sijaugua," nikasema. "Wiki moja kabla. Kichwa kilikuwa kimeanza kunisumbua, nikajiandaa."

Daktari alivua miwani. Alijua, na mimi nilijua kwamba anajua. Josephat akageuza karatasi mpya.

"Majina yako kamili?"

"Masele Chenge."

"Kazi?"

"Fundi wa kuchomelea."

Akaandika, na safari hii hakuna aliyetikisa kichwa.

Sasa naripoti kituo cha polisi kila Jumatatu, mengine yanafuata sheria. Nina kadi ya hospitali yenye tarehe ya picha ijayo, baada ya miaka miwili, kwa jina langu halisi. Daktari aliiandika mwenyewe. Elias amerudi usukanini. Nimeiona meli yake ikitoka, nikiwa nimesimama na watu wengine.

Mama alipiga simu jioni ya siku ile ile niliyohojiwa na Josephat.

"Kichwa kinasemaje, baba?"

"Kizima, mayu. Hakijabadilika."

"Mungu ni mkubwa. Nilijua tu. Na mwenzako wamemrudishia kazi yake, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi wote mmepona." Nikasikia kuku wake nyuma. "Mbona huongei?"

"Nakuuliza kitu kimoja tu, mayu. Ule wino wa kidoleni, ulitoka?"

Kuku waliendelea kulia kwa muda. Kisha simu ikakatika, na mpaka leo hajapiga tena.